Giza Lenye Mwenyewe

Mdogo wangu wa kike alilipata tranka lile katika soko la mitumba mashariki ya London, akapanda nalo basi mpaka mtaani kwetu Thamesmead, amelisimamisha katikati ya magoti yake huku abiria wakilikwepa. Lilikuwa la chuma, lenye makomeo mawili na kutu kwenye pembe. Alilisugua kwa brashi ya waya, akalipaka rangi ya buluu, na juu ya mfuniko akaandika kwa rangi nyeupe jina la binti yake, kwa herufi kubwa zilizoinamia upande mmoja, kama baba yetu alivyoandika majina yetu miaka mingi iliyopita.

"Dada, njoo ulione," aliniambia kwa simu. "Utalia."

Nilikwenda, na machozi yalinilenga kweli. Mtu aliyesoma shule ya bweni huko kwetu Tanzania hahitaji kuelezwa maana ya tranka. Ndani yake zilipangwa shuka, sabuni za mche, dawa ya meno, daftari na karanga za kukaanga alizozifunga mama kwenye kitambaa. Na siku lilipotolewa nje ya nyumba, majirani walisimama kulitazama likipita kama wanavyotazama maharusi. Lilimaanisha kwamba mtoto amefaulu. Mimi na mdogo wangu tulitoka milima ya Usambara kwa matranka ya namna hiyo, na bweni ndilo lililonipeleka chuo kikuu, na chuo kikuu ndicho kilichonifikisha kwenye maktaba ya umma ninapofanya kazi sasa, kusini ya mto Thames. Sijawahi kulikana bweni, na silikani leo.

Mpango ulikuwa umeshakamilika. Mtoto alikuwa anamaliza shule ya msingi, na mwezi wa nane angepelekwa kwa watawa, katika shule moja ya wasichana karibu na Moshi. Wazazi wengi tunaowajua hapa wamefanya hivyo. Mtoto akianza kujibu kwa ukali, au mtaa ukianza kumvuta, hurudishwa nyumbani akasome bweni, aijue lugha, ajue kufua nguo zake na kumwamkia mtu mzima. Mdogo wangu hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Binti yake hulala kwangu siku nyingi kuliko anavyolala kwao. Mama anayetoka kazini alfajiri, akapita chini ya madaraja ya mtaa wetu na kuona vijana wanaosimama pale, ana haki ya kuogopa. Nami niliuona mpango huo kuwa mwema.

Mtoto alipoambiwa, hakusema lolote. Mtoto huyu anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa kawaida hujibu sana. Siku hiyo alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaomba ruhusa ya kwenda kuoga. Kunyamaza kwake tulikuchukua kuwa ni kukubali, na mdogo wangu alimshukuru Mungu kwa sauti.

Wakati huo huo nilikuwa nikiendesha kile tulichokiita Jumamosi ya Filamu, katika ukumbi wa jamii ulio karibu na ziwa la mtaani kwetu. Mara moja kwa mwezi wanawake wanaozungumza Kiswahili walikusanyika alasiri: wauguzi wa Kenya, Wazanzibari, Wakongo, na mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, ambaye alikuja kwa treni kutoka Queensbury na kutukosoa kila tulipokosea ngeli. Tulitazama filamu za maisha ya kweli, tukanywa chai ya maziwa, tukala sambusa, tukabishana. Filamu ikiwa ya Kiingereza, mimi nilikaa kando ya skrini na maikrofoni, nikitafsiri.

Mwenzangu wa maktaba ndiye aliyenieleza kwamba kuna bibi kutoka Kanada yuko London kwa wiki chache, amealikwa na chuo kimoja kuonyesha filamu, na kwamba Jumamosi yake moja ni tupu. Bibi huyo ni wa mojawapo ya mataifa yaliyoishi katika nchi ile kabla ya Wazungu kufika. Kwa miaka mingi sana, serikali ya huko pamoja na makanisa waliwachukua watoto wa mataifa hayo kutoka mikononi mwa wazazi wao na kuwaweka katika shule za bweni, ili watoke humo wakiwa watu wengine. Walinyolewa nywele, wakavuliwa nguo walizoshonewa na mama zao, wakakatazwa lugha zao. Wengi walidhurika huko, wengi hawakurudi. Filamu ilikuwa inahusu waliorudi.

Sikuweza kuitazama kabla. Hilo lilikuwa sharti la kwanza: filamu haitumwi. Husafiri na bibi mwenyewe katika mkoba wake, na huonyeshwa pale tu alipo yeye. Sharti la pili lilinishangaza zaidi. Mlango wa ukumbi usifungwe. Usirudishwe hata nusu. Uwekewe kitu, ubaki wazi tangu mwanzo hadi mwisho.

Ilikuwa ni mwezi wa nne, na upepo wa ziwani uliingia kama mtu aliyelipia kiti.

"Hii baridi imealikwa na nani?" aliuliza mama mmoja wa Mombasa anayeishi Hounslow na kufanya kazi kwenye uwanja wa ndege. Ndiye mchangamfu wetu. Hakuna kikao alichokaa kimya. "Mwenyekiti, funga mlango, tutakufa hapa tukuache na sambusa zako."

"Hauwezi kufungwa," nilisema. "Ni sharti la mgeni."

"Haya. Mgeni ni mfalme. Lakini mfalme avae koti."

Bibi mgeni alikuwa amevaa koti, na soksi nene, na kichwani alikuwa na nywele nyeupe zilizosukwa msuko mmoja mrefu ulioshuka begani. Umri wake ulipita miaka sabini. Wanawake walimwamkia mmoja mmoja, wakipiga goti kidogo, "Shikamoo, bibi," nami nikamfundisha kuitikia "Marahaba." Alilipenda neno hilo. Kila alipolitamka alicheka, na alipokuja mpwa wangu, ambaye kwa kawaida hulazimishwa kuamkia, mtoto alisema "Shikamoo" mara mbili ili aitikiwe mara mbili.

Mdogo wangu alikaa safu ya mbele na binti yake. Alikuwa hajalala tangu zamu ya usiku. Taa zilizimwa, mstari wa mwanga kutoka mlangoni ukalala sakafuni, na filamu ikaanza.

Ilianza kwa mzee wa kiume jikoni kwake. Shati la mirabamiraba, meza ya mbao, kikombe, dirisha lenye theluji. Nyuma ya kamera hakuna aliyesikika akiuliza. Mzee alieleza habari za baba yake, jinsi alivyomfundisha kusoma nyayo za sungura. Kisha akaieleza ndege ndogo iliyotua juu ya ziwa lao na kuwapakia watoto. Nilitafsiri. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, ikinipa nafasi ya kutosha. Akafika usiku wa kwanza. Akasema, "Walituonyesha vitanda, na mimi nilikuwa sijawahi kulala pe—"

Akainua mkono. Kiganja kiliikabili kamera.

Skrini ikawa nyeusi.

Ukumbi mzima uliingia gizani, na spika hazikutoa sauti yoyote. Nilisubiri neno la kutafsiri, halikuja. Kisha kutoka nyuma ikapaa sauti ya mama wa Hounslow:

"Haya! Stima zimepotea!"

Mahali palilipuka kicheko. "Wametufuata mpaka London, hawa!" "Nani hakununua tokeni?" "Jamani, nilidhani nimeyaacha Dodoma haya!" Na kwa mazoea ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyehitaji kuyafikiria, mikono ikaingia mikobani, simu zikatoka, tochi zikawashwa. Mwanamke aliyekaa ukutani alikuwa ameshasimama na kufungua kabati la swichi kubwa. Mimi mwenyewe niliinama kutazama waya wa projekta. Huko tulikotoka, giza likishuka ghafla lina maana moja tu, na kila mtu anajua wajibu wake.

Nilipoinua kichwa nilimwona bibi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya skrini, na taa zote za simu zilikuwa zimeelekezwa kwake na kwenye ukuta uliokuwa nyuma yake. Alijikinga macho kwa kiganja. Hakuwa na hasira, wala hakuwa anacheka. Alitutazama kama mtu aliyegonga mlango akafunguliwa na umati.

Kisha mzee alirudi kwenye skrini. Alikuwa jikoni mle mle, lakini shati lilikuwa jingine, kikombe hakikuwapo, na dirishani jua lilikuwa limekwisha kuzama. Akaendelea kutoka palepale alipoachia: "—ke yangu."

Bibi aliniashiria nisimamishe filamu. Alisimama, akaeleza, nami nikatafsiri huku nikisikia uso wangu ukipata moto. Umeme haukukatika. Yule mzee aliinua mkono. Mtengeneza filamu, ambaye naye ni mjukuu wa mtu aliyechukuliwa, aliwapa ahadi wote aliowahoji: ukiinua mkono, kamera inazimwa, na haiwashwi mpaka wewe mwenyewe utake, iwe ni baada ya pumzi moja au baada ya mwaka. Na alipounganisha filamu hakulikata giza lile. Aliliacha humo, kwa sababu nalo ni lao. "La mzee huyu lilikuwa la mchana kutwa," alisema bibi. "Kijana aliomba ruhusa alipunguze kidogo, ili watu wapate kurudi kwao kula. Mzee akamruhusu."

Tochi zilizimika moja baada ya nyingine. Mlango wa kabati la swichi ulifungwa polepole.

"Ya Rabi," ilisema sauti ya mama wa Hounslow, na safari hii ilikuwa ndogo. "Tumemmulika mtu kwenye kilio chake. Mwambie, mwenyekiti. Mwambie atusamehe, sisi tumezoea vibaya."

Nilimwambia. Mabega ya bibi yakaanza kutikisika, na nikaelewa kwamba anacheka.

"Nimeipeleka filamu hii katika miji mingi," alisema. "Watu hunyamaza. Wengine hukohoa. Wengine hutoka nje. Hii ni mara ya kwanza kuona watu wakiwasha taa na kusimama kwenda kumtafuta." Akafuta macho kwa ncha ya msuko wake. "Yuko hai, yule mzee. Nitamweleza. Nitamwambia, London kuna wanawake walikuja na taa." Kisha akaongeza, kama anayempa mgeni maelekezo ya njia: "Lakini likija tena, mwacheni. Anajua mlipo."

Lilikuja tena. Safari hii alikuwa mama mmoja aliyekuwa akishona shanga kwenye ngozi. Aliinua mkono ule ule wenye sindano. Nami nataka kueleza jinsi ilivyokuwa kukaa mle, ingawa naona maneno yangu hayatoshi. Ukumbi ule ulikuwa umejaa watu wasiojua kunyamaza. Ni watu waliokesha wodini, wanaolea watoto kwa simu, wanaozungumza wote kwa pamoja. Na sasa wote walikaa gizani, mikono mapajani, wakimsubiri mwanamke aliyekuwa mbali ng'ambo ya bahari, ambaye hakuna aliyejua kama angerudi. Upepo uliingia mlangoni. Mbali, basi lilisimama kituoni, likaondoka. Nilisikia watu wakipumua, na kadiri tulivyokaa pumzi zile zikaanza kwenda pamoja. Nimetazama filamu nyingi katika maisha yangu, nyingine zikiwa na kila aina ya ufundi. Sikuwahi kuona filamu inayomtii mtu. Wote walioonekana humo waliwahi kuchukuliwa bila kuulizwa, na sasa kiganja kimoja cha mkono kilitosha kuizima dunia.

Yule mama wa shanga alirudi. Alikuwa amemaliza kushona ua zima.

Wa mwisho alikuwa bibi mwenyewe. Nilishtuka kumwona kwenye skrini ilhali amekaa hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa nje ya nyumba yake, kwenye ngazi za mbao, mbwa mwekundu amelala miguuni pake. Alisimulia kwamba alipelekwa shule pamoja na mdogo wake wa kiume. Wavulana walikaa upande wao, wasichana upande wao, na kaka na dada hawakuruhusiwa kusemezana. Walionana nyuso tu, ng'ambo ya ukumbi wa chakula, kila mlo. Mdogo wake alibuni njia: alishika sikio lake la kushoto, maana yake, nipo. Naye dada alishika lake. Hivyo ndivyo walivyosalimiana kwa msimu mzima wa baridi. "Halafu asubuhi moja," alisema bibi wa kwenye skrini, "niliingia kula, nikatazama upande wao, nika—"

Mkono ukainuka. Giza likaja, na hatukuona tena picha. Tulikaa. Tulikaa mpaka mwanga wa mlangoni ulipobadilika rangi sakafuni. Katika giza hilo nilisikia kiti kikisogea safu ya mbele, nikasikia mpwa wangu akinong'ona kitu, na mdogo wangu, ambaye angemkemea siku yoyote nyingine, hakumkemea. Kisha, bila neno wala jina la mtu, projekta iliandika kwamba filamu imekwisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Niliwasha taa. Mama wa Queensbury alikuwa amefunika uso kwa ncha ya sari. Mama wa Hounslow alikuwa ameshika sikio lake la kushoto, na sidhani kama alijua.

Niliuliza kama kuna mwenye swali, nikitumaini kwamba hayupo. Mpwa wangu alisimama. Aliuliza kwa Kiingereza, na kwa adabu ambayo ilitushangaza sisi sote:

"Bibi, kwenye giza lile la mwisho, ulikuwa unafanya nini?"

Mdogo wangu alimvuta gauni. "Keti! Mambo gani hayo ya kumuuliza mtu mzima?"

Lakini bibi alikuwa ameshaanza kucheka tena, cheko la mtu aliyeulizwa hatimaye swali analolijua. "Kwanza nililia," alisema. "Halafu nikaona mbwa hajala, nikampa chakula. Nikaosha vyombo. Nikakaanga samaki. Yule kijana alikuwa ameketi kwenye ngazi na kamera yake imefungwa, nikampelekea sahani. Akala, akashukuru, akaenda zake. Mwaka uliofuata akaja tena. Nikainua mkono kabla hajafungua mkoba."

Wanawake waliangua kicheko, kile kicheko chetu cha kweli, na mmoja akapiga kigelegele. Bibi alingoja tumalize.

"Shuleni pia tuliinua mikono," alisema. "Kuomba kwenda chooni. Kuomba maji. Ukiinua, unasubiri uone kama utapewa." Alikitazama kiganja chake. "Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba mkono huu huu unaweza kufanya kazi nyingine."

Hakusema nini kilimpata mdogo wake. Hakuna aliyemuuliza.

Wakati wa chai mdogo wangu alimfuata, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilijua anakwenda kuuliza nini, na niliogopa jibu. Alimweleza habari za watawa na Moshi, na sisi wenyewe tulivyosoma. Kisha akauliza moja kwa moja, kwa Kiingereza chake cha kazini: "Ninachofanya ni kibaya?"

Bibi alitafuna sambusa yake mpaka ikaisha. "Siijui shule yenu," alisema. "Kwetu walikuja na polisi. Wewe ni mama yake. Si kitu kimoja."

"Lakini?" aliuliza mdogo wangu.

"Sina lakini."

Mpaka leo nalistaajabia jibu hilo. Maumivu yake makubwa yalikuwa kama panga mkononi mwake, na mtu amemjia na shingo wazi akingoja yamwangukie. Naye akakataa kuyatumia. Aliomba sambusa nyingine, akauliza ndani yake kuna nini.

Tulirudi kwa miguu kando ya ziwa, mtoto akitangulia. Mdogo wangu alitembea kwa hatua za haraka.

"Usinitazame hivyo, dada."

"Sikukutazama."

"Unanitazama. Mimi si serikali ya Kanada."

"Hakuna aliyesema hivyo. Hata bibi mwenyewe hakusema."

"Sisi tulikwenda, na tukapona. Tena tulipenda!"

"Tulipenda," nilikubali, maana ni kweli. "Na tulikwenda tukiimba."

Aliongeza mwendo mpaka kwenye lifti ya jengo lao. Mle ndani, akitazama vibonyezo, alisema: "Sikumbuki kama yeye ameimba."

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikula kwao mchana. Tranka lilikuwa kwenye ujia, limefunguliwa, na ndani yake zilianza kupangwa nguo. Mdogo wangu aliandaa wali na maharage ya nazi, na huku akipakua alikuwa akieleza mambo ya safari, kwa sauti ile ya furaha ambayo watu huitumia wanapotaka furaha ije. "Ukifika, mtawa mkuu ndiye utakayemwamkia kwanza. Chandarua utakikuta huko huko. Sweta tutaweka mbili, maana asubuhi chini ya mlima kuna bari—"

Mtoto aliweka kijiko mezani na kuinua mkono.

Hakuwa anacheza. Kiganja chake kilimkabili mama yake. Sentensi ya mdogo wangu ilibaki hewani. Upawa ulikuwa juu ya sahani, mchuzi ukidondoka. Niliona mdomo wake ukifunguka kusema neno ambalo kila mama wa kwetu angelisema mtoto anapomkatiza, neno tuliloambiwa sisi maelfu ya mara, na niliona akilimeza. Alirudisha upawa kwenye sufuria. Mtoto alishuka kwenye kiti, akaenda chumbani kwake. Hakubamiza mlango kama alivyozoea, aliuacha wazi.

Mdogo wangu aliinuka kumfuata. Alifika kizingitini, akasimama, mkono mmoja ukutani. Halafu akarudi, akaketi.

"Nifanye nini?"

"Sijui."

"Wali unapoa."

"Uache upoe."

Huyu ni mtu asiyeweza kukitazama chungu bila kukikoroga. Anazima taa za vyumba vya wengine, anafunga vifungo vya watoto asiowajua kituoni. Alikaa na mikono yake mezani kama vitu vya mtu mwingine, akitazama ile nafasi ya mlango uliokuwa wazi. Chumbani tulisikia droo ikivutwa, kisha kimya, kisha kitu kama kitabu kikianguka. Mara mbili alitaka kuita, na mara mbili alifumba midomo. Nilikuwa nimemwona dada huyu mdogo akizaa, akizika, akivuka nchi. Nadhani sikuwahi kumwona akifanya kazi ngumu kama ile.

Mtoto alirudi wakati maharage yalikuwa yameshaganda juu. Alikaa, akazungumza. Alizungumza kwa Kiingereza kama kawaida yake, na mama yake alimjibu kwa Kiswahili kama kawaida yake, na yalikuwa mazungumzo marefu. Aliyoyasema ni yake mwenyewe, sitayaandika.

Mwezi wa tisa alianza shule ya sekondari ya hapa hapa, anakwenda kwa basi. Mdogo wangu aliomba zamu ya mchana, akapata nusu yake. Habari ya Moshi haijafungwa. Mtoto amesema huenda akataka kwenda akiwa mkubwa, akaone, na mama yake amejibu kwamba watawa hawahami. Tranka limebaki kwenye ujia, jina likiwa juu yake, limejaa mablanketi ya baridi.

Na ule mkono bado huinuliwa. Mara nyingine kwa jambo zito, mara nyingine, naona, kwa jambo la hovyo kama kuosha vyombo. Mdogo wangu hulalamika kwamba yule bibi alituachia balaa ndani ya nyumba. Lakini kila unapoinuka, hukatiza maneno yake, hata akiwa katikati ya neno, na hungoja.